Niliwafukuza Watazamaji wa Manju ili Picha Yangu Ipendeze

Mimi ndiye mkosaji. Naliandika hili mstari wa kwanza kabisa kwa sababu najijua. Nikiachiwa nisimulie kwa raha zangu, nikifika aya ya tatu nitakuwa nimeshageuka mtu mwema, na kosa nimeshamtwisha mwingine. Na kumtwisha mwingine ndiyo hasa dhambi iliyonileta hapa.

Kazi yangu ni kupiga picha za bendi na wanamuziki, hapahapa Mwanza. Sijaajiriwa na mtu, ofisi yangu ni begi. Bendi za dansi zinazopiga Jumapili kwenye baa za ufukweni, vijana wa kizazi kipya wanaopigwa picha wameegemea gari la mtu mwingine, kwaya, wapiga kinanda wa harusi, wote wamepita mbele ya lenzi yangu. Kuanzia Ilemela mpaka Igoma, kama umewahi kushika kipaza sauti na mimi sijakupiga picha, basi hujaimba bado, ulikuwa unakohoa.

Sifa yangu kubwa ni usafi wa picha. Adui wa mpiga picha wa bendi ni vile vitu vinavyochomoza nyuma ya msanii: kreti za soda, mhudumu anapiga miayo, baba mmoja anapambana na kichwa cha sato. Msanii anaimba mapenzi, nyuma yake mtu ana mwiba wa samaki mdomoni. Mimi hilo silivumilii.

Kwa hiyo kabla sijabonyeza nanyoosha mkono. Wewe wa shati jekundu, pisha. Mama, sogea kidogo. Hiyo meza itoke. Na watu wanatii, sijui kwa nini. Siku moja nilimsogeza diwani na walinzi wake mpaka jikoni, na wakakaa hukohuko mpaka nilipowaruhusu kutoka. Ningekuwa na mkono mrefu kidogo tu, ningeshausogeza uwanja wa ndege.

Sasa nimlete Shija.

Shija nilimkuta shule ya jioni, wote tukiwa watu wazima tunatafuta cheti cha kidato cha nne. Mchana alikuwa anachomelea mageti, jioni anakuja darasani na macho mekundu kama ametoka kuzika. Tulikaa dawati moja miaka miwili. Aliniazima daftari lake la hisabati mpaka likabaki langu. Na vidole vyake havikutulia, vilikuwa vinagonga dawati muda wote, taratibu, hata mwalimu akawa anafundisha kwa kufuata mdundo bila kujijua. Tulipofaulu hisabati kwa D, tuliisherehekea ile D kama watu waliopata ubunge.

Mwisho wa juma Shija alikuwa mpiga ngoma kubwa katika kundi la Manju Luhende, upande wa Misungwi. Manju kwa Wasukuma ndiye mwenye kundi la ngoma. Anatunga, anaimba, anafundisha, anagombeza. Luhende alikuwa na jina huko kiasi kwamba mtoto akilia anaambiwa nyamaza manju anapita, naye ananyamaza ili asikie.

Siku moja Shija akaniambia, "We Mjita, nimekupatia kazi. Manju anataka picha ya kuweka kwenye bango na kwenye nyimbo zake zinazozunguka kwenye simu. Hajawahi kupigwa picha inayofanana naye. Zote anaonekana kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali."

"Niachie," nikasema. "Nitampiga picha ambayo akiiona atajiamkia shikamoo mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno yangu. Kujidai sikuwahi kupungukiwa.

Tukaenda siku ya mashindano, baada ya mavuno. Uwanja mkubwa, majani yamekauka, mawe yamepangana pembeni kama mizigo iliyosahaulika stendi. Upande huu kundi la Luhende, upande ule kundi la manju mwingine, nitamwita Mabula, na wote wanapiga kwa wakati mmoja. Mimi mtu wa Majita, nimelelewa na wavuvi, nilizoea mashindano ya bendi: mmoja anapanda jukwaani, anashuka, mwingine anapanda, majaji wanaandika maksi. Nikaona wazee wamekaa kwenye viti katikati ya uwanja, nikajua ndio majaji, kalamu zao ziko mifukoni.

Shija akanifuata akiwa anajifunga kitambaa kichwani. "Sikiliza. Hapa hakuna maksi. Jua likigusa yale mawe wazee watapiga filimbi, wataangalia upande wenye watu wengi. Watu ndio maksi. Umenielewa?"

"Sawa," nikasema.

Nilikuwa nafuta lenzi. Neno sawa likitoka kwa mpiga picha anayefuta lenzi ni sawa na kikohozi, halina maana yoyote.

Ngoma ikaanza. Aisee, yule mzee anaimba. Kavaa taji la manyoya ya mbuni, shati jeupe, usinga mkononi, na sauti inatoka tumboni kama inapanda ngazi. Watu wakamiminika upande wetu. Nitasema elfu kumi. Haya, elfu moja. Basi mia nne, lakini ni mia nne za Wasukuma walioshiba mavuno mapya, ukiwapanga wanajaza nafasi ya elfu mbili. Upande wa Mabula walibaki mbuzi na jamaa zake.

Saa ya jioni jua likaanza kulala. Kama wewe ni mpiga picha unajua kinachotokea hapo. Mwanga unakuwa wa dhahabu, vumbi linang'aa, kila mtu anageuka mtakatifu. Nikapiga magoti mbele ya manju, nikatazama kwenye kioo cha kamera, nikaona picha ya maisha yangu.

Isipokuwa nyuma yake.

Nyuma yake kulikuwa na mama mwenye mwavuli wa njano, bodaboda wanne juu ya pikipiki zao, muuza miwa, na mzee mmoja kabeba ndoo kichwani, sijui ya nini, ndoo tupu. Nyuma yao wengine, na wengine.

Nikasimama. Nikanyoosha mkono mmoja, wa pili ukiendelea kubonyeza kamera.

"Jamani naomba mpishe hapo nyuma. Dakika mbili tu. Dakika mbili."

Manju na kundi lake walikuwa wamezama kwenye wimbo, hawakujali mkono wa mpiga picha. Kisukuma sijui, lakini mkono wangu unakijua. Wakaanza kusogea. Wakawa wanaambizana wenyewe, pisha, dada wa picha anasema tupishe. Wale wa bodaboda wakawasha pikipiki na kuwasaidia wazee kutoka. Nikanyoosha mkono upande wa kushoto, wa kushoto wakaondoka. Nikanyoosha upande wa kulia, wakaondoka na wa kulia. Sasa watu mia nne wakiambiwa wapishe dakika mbili, wataenda wapi? Wataenda kunakosikika ngoma nyingine. Na Mabula, kwa bahati yake, alikuwa ndiyo kwanza amefungua sanduku na kumtoa chatu, kajivika shingoni kama skafu.

Mimi sikuona chatu. Mimi niliona uwanja mweupe, vumbi la dhahabu na manju peke yake. Kilichobaki ni mikono ya Shija. Kila akiinua vijiti, vinakata kidevu cha manju. Nikamwonyesha ishara: shusha. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aache kupumua. Nikarudia, shusha. Mimi ni mgeni wake, yeye ndiye aliyenileta, na ni mtu wa adabu. Akashusha mikono, akailaza juu ya ngoma. Sekunde mbili, tatu hivi.

Nikabonyeza.

Filimbi ikalia.

Nilipogeuka nikaona upande wetu nimebaki mimi, kundi, na yule mzee wa ndoo ambaye nadhani hakusikia. Upande wa pili watu wamesongamana mpaka wengine wamepanda juu ya mawe kumwangalia chatu. Wazee wa katikati hawakuhitaji hata kusimama. Mmoja alionyesha kwa fimbo tu, basi, Mabula kashinda.

Hapo ndipo neno watu ndio maksi liliponifikia masikioni. Lilikuwa limechelewa njiani.

Kundi likakaa kando ya gari lililobeba ngoma zao. Halafu mchezaji mmoja akasema Mabula kaweka dawa ya kuvuta watu. Mwingine akasema ndiyo, kaitoa kwa mganga wa ng'ambo ya ziwa, hata yeye alisikia harufu.

Manju Luhende akatikisa kichwa. "Dawa inavuta mmoja mmoja. Wale waliondoka kwa pamoja, kama watu waliofukuzwa."

Nikatazama viatu vyangu. Viatu vizuri tu, nilikuwa sijawahi kuvitazama kwa makini namna ile.

"Binti," manju akaniita. "Wewe ulikuwa na kamera. Kamera haina kundi. Hebu tuonyeshe kilichotokea."

Ndugu zangu, nilikuwa na picha zaidi ya mia nne. Nikaanza kuzipitisha pale kwenye kioo, moja moja, wote wameniinamia mabegani. Picha arobaini za Shija mikono iko juu, jasho linaruka, ungesema anapigana na simba wawili. Nikazipita. Vidole vyangu vilikuwa vinatafuta bila mimi kuvituma, na vikafika kwenye ile picha mikono imelala juu ya ngoma, vikasimama hapo.

"Hapa," nikasema, "naona kama ngoma ilipoa."

Maneno matano. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile.

Wote wakamtazama Shija. Shija akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, alikuwa anasubiri. "Mwambie," akasema. "Mwambie nani aliniambia nishushe."

Nilikuwa na nafasi. Nafasi pana kama ziwa. Na mimi nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Mchezaji mmoja akanung'unika kwamba Mabula amekuwa akimtaka Shija tangu msimu uliopita. Hilo lilitosha. Manju akasema kwa sauti ya chini, "Mpiga ngoma kubwa haachi ngoma kwa ishara ya mtu yeyote. Hata ningekuwa mimi. Kama uliahidiwa kitu upande wa pili, nenda."

Shija akaweka vijiti juu ya ngoma, akavilinganisha, kimoja sambamba na kingine. Akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu. Wale mia nne niliowafukuza hakuna aliyewauliza. Nani anauliza watu waliokuwa wanamtazama nyoka?

Nyumbani, kule kwetu mlimani Ilemela, nikafungua picha kwenye kompyuta. Ilikuwa nzuri kupita nilivyofikiri. Lakini chini yake, kwa sababu jua lilikuwa mgongoni kwangu, kivuli changu kilikuwa kimelala chote juu ya vumbi, kirefu kama mnara wa simu, na mkono wake umenyooka. Picha moja kabla yake ilikuwa mbaya zaidi. Mkono wa kivuli umenyooka, na kule unakoelekea, migongo ya watu inaondoka.

Nikakata chini ya picha. Kivuli kikatoka. Nikaiweka mtandaoni.

Wakaipenda. Wanamuziki ambao walikuwa hawapokei simu zangu wakaanza kunipigia wao. Bendi moja ilitaka picha kama ile ya mzee wa vumbi, na wote kumi na mmoja wakataka wawe peke yao.

Kule Misungwi waliipokea kwa namna nyingine. Kule waliicheka. Manju anaimbia vumbi. Manju amebaki na upepo. Picha niliyompiga ili apendeze ikawa ndiyo ushahidi kwamba siku ile hakuwa na mtu. Kundi likapata mpiga ngoma mwingine ambaye, kwa jinsi nilivyosikia, alipiga kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mialiko ikapungua, kisha ikakatika.

Na Shija hakupokea simu yangu. Nikaenda karakana anakochomelea mageti. Aliniona kwa mbali, akashusha ile kofia ya chuma usoni, akaendelea kuchomelea. Fundi mwenzake akanifuata nje akaniambia, "Dada, huyu zamani alikuwa anatugongea mdundo kwenye kila bati. Sasa hata chai anakunywa kimya."

Nikarudi kwetu nikajiambia yatapita. Uzuri wa neno yatapita ni kwamba halikutaki ufanye kitu.

Aliyenishika ni Bwana Dilip. Huyu ana duka la kusafisha picha mjini, la tangu babu yake, na Kisukuma anakijua kuliko Wasukuma wengi wa mjini. Kuna mtu alitaka ile picha isafishwe kubwa, ya ukutani. Nikampelekea Bwana Dilip memori, na kwa haraka zangu nikamwonyesha isiyokatwa.

Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Binti, huyu aliyenyoosha mkono ni nani?"

"Ni kivuli changu, mzee."

"Kinafanya nini?"

Nikaanza kufunga zipu ya begi.

"Kinafukuza watu," akasema. "Ngoma ya Wasukuma, na wewe unafukuza watu. Babu yangu alikuwa anawapiga picha mamanju. Alikuwa anaweka kila mtu, mpaka mbwa. Manju bila watu hiyo siyo picha ya manju, hiyo ni pasipoti."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Kuna aliyeumia?" akauliza.

Sijui nilikuwa nangoja nini miezi yote ile, labda mtu wa kuniuliza hivyo tu. Nikamwambia yote, nimesimama pale kwenye kaunta, wateja wengine wanasubiri picha za kitambulisho na kusikiliza kwa raha zao. Nilipomaliza, Bwana Dilip akairudisha memori kwenye mashine yake. Akasafisha picha sita mfululizo, zile nilizokuwa nimezificha, kivuli kikiwemo. Akazitia kwenye bahasha.

"Peleka," akasema. "Usiende na simu. Kwenye simu utapitisha haraka."

Alinijua, yule mzee.

Nikamkuta Manju Luhende nyumbani kwake asubuhi, anatengeneza ngozi ya ngoma. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mkewe akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Unajua ilivyo ngumu kuungama na michembe mdomoni? Inataka kutafunwa, haimezeki. Nilitafuna nadhani robo saa.

Halafu nikapanga picha zote sita chini, kwa mfuatano. Watu wamejaa. Kivuli kimenyoosha mkono. Watu wanatoka. Kivuli kimenyoosha mkono wa pili. Uwanja mtupu. Shija ameshusha mikono, na kivuli kimemwelekezea kiganja.

Manju aliinama. Alizitazama kama mtu anayesoma barua, akirudi nyuma, akienda mbele.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulikuwa unawaambia watu wangu waondoke?"

"Ndiyo. Nilitaka nyuma pawe pasafi."

"Wakakubali?"

"Walisaidiana."

Akanyamaza. Mkewe aliyekuwa mlangoni na sufuria naye akanyamaza, kuku wakanyamaza, ningeapa hata ziwa kule lilinyamaza.

"Miaka thelathini," manju akasema, "natunga nyimbo, nachanjwa chale, nalala njaa ili sauti itoke, nivute watu. Wewe unawatoa kwa kidole. Mabula akisikia, atakuoa."

Nikataka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha.

"Na Shija? Siku ile alikuomba useme."

"Nilikumbuka vizuri, mzee. Nilisema sikumbuki kwa sababu niliogopa mngenifukuza mimi."

"Tungekufukuza," akasema. "Ungepanda basi ukarudi mjini na kamera yako. Yeye alikuwa hana pa kurudi zaidi ya hapa."

Hapo nililia, sikatai. Nililia mpaka mke wa manju akaondoa michembe, akidhani imenipalia.

Manju akazikusanya picha. Akasema yeye mwenyewe atakwenda karakana kumtafuta Shija, kwa sababu alimfukuza mtu kwa picha moja tu wakati zilikuwepo mia nne, na hilo ni kosa lake, hatanipa mimi nilibebe. "Lako ni hili jingine," akasema. "Wewe nitakutungia wimbo."

Nilidhani ni utani. Mkewe akanitazama kwa huruma, nikajua siyo utani.

Kama hujui, manju akikutungia wimbo umekwisha. Gazeti watu wanafungia vitumbua. Wimbo wa manju hautupwi, wajukuu zako watachezeshwa nao harusini.

Mashindano yaliyofuata aliniita. Akanivua kamera shingoni kwa mkono wake, akamkabidhi mkewe, akanisimamisha katikati ya duara. Wimbo ukaanza. Kisukuma, lakini jina langu nililisikia, kila mstari wa pili, pamoja na la baba yangu na kijiji chetu cha Majita. Wachezaji wakanyoosha mkono kushoto, wakaruka nyuma wote kama waliofukuzwa, halafu wakarudi kwa kishindo. Wakanyoosha kulia, wakaruka, wakarudi. Na mimi natakiwa ninyooshe nao. Nilinyoosha. Mwili wangu, mnene kama ulivyo, uliruka mbele ya wilaya nzima.

Watu walikuja, jamani. Walikuja kumwona mwanamke wa kwenye wimbo. Waliacha chatu. Nilimwona mke wa Mabula mwenyewe anasogea pole pole upande wetu, amejifunika khanga usoni, nayo inatikisika kwa kicheko. Filimbi ilipolia, upande wetu hapakuwa na pa kutemea mate.

Sasa hivi hata mjini bodaboda wakiniona wananyoosha mkono. Juzi trafiki alinyoosha mkono, sijui alikuwa ananiimbia au anasimamisha magari. Nilisimama, kwa tahadhari.

Hayo yote nayabeba, na mengine nayacheka. Lisilochekeka ni hili.

Shija alirudi kwenye ngoma kubwa. Siku ile ya wimbo alipiga mpaka ardhi ikawa inanikwaruza nyayo. Watu walipotawanyika nikamfuata, anafuta shingo kwa kitambaa.

"Shija."

"Naam, mpiga picha."

Zamani alikuwa ananiita we Mjita.

"Umenisamehe?"

Akafikiri. Ni mtu anayefikiri, hata hisabati ile D yake ilikuwa ya kufikiri, yangu ilikuwa ya bahati.

"Manju amekusamehe," akasema. "Mimi nimerudi kupiga ngoma."

"Na wewe utanisamehe lini?"

"Sijui. Ungesema uongo wa haraka, ningesema uliogopa. Lakini nilikuomba, ukanitazama, ukasema hukumbuki." Akakunja kitambaa. "Mimi nakumbuka mpaka rangi ya mkanda wa kamera yako."

Akaenda kusaidia kupakia ngoma.

Ndugu zangu mnaopiga picha, sikilizeni mtu aliyeumbuka. Kabla hujamwambia mtu apishe, muulize amekuja kufanya nini pale. Yule mama wa mwavuli wa njano alikuwa na kazi kubwa kuliko yangu siku ile. Mwenye ndoo muache na ndoo yake.

Na wewe ambaye hupigi picha, ukimsingizia mtu usijidanganye kwamba utasahihisha baadaye. Nilisahihisha. Nilikwenda na ushahidi ndani ya bahasha, kazi yake akarudishiwa, heshima akarudishiwa, na mimi nikachezeshwa hadharani. Kila kitu kilirudi mahali pake isipokuwa rafiki yangu. Sema papo hapo, hata kama sauti inatetemeka, wakati mwenzio bado anakutazama anasubiri.

Majina yote humu nimeyabadili, Shija, na lako nimelificha kuliko yote. Langu usilifiche. Lipigie ngoma kila Jumapili, kwa nguvu zako zote, mpaka siku utakayochoka wewe mwenyewe.